Waya ambao haukufika Mkokoni

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya cha wiki kadhaa. Kazi zilinizidi, kisha nikaenda nyumbani, na kwetu ukishafika ni kama mtu amekuchomoa kwenye umeme. Leo sina kipande cha programu cha kuwaonyesha. Nina historia, nayo ni ndefu, kwa hivyo tafuteni chai kwanza.

Sababu ni hii. Desemba 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba inataka kuiuzia Vodacom ya Afrika Kusini 15% ya Safaricom, kwa Sh34 kila hisa, jumla yake kama Sh204 bilioni. Serikali ilikuwa na 35%, ingebaki na 20%. Tangu siku hiyo kila ninayefanya naye kazi amekuwa mtaalamu wa soko la hisa. Bei ni ndogo! Bei ni nzuri! Tunauza ng'ombe wa maziwa! Mimi niliposikia nilikumbuka swali aliloniuliza ami yangu miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tumekaa juu ya kilima cha mchanga tukitafuta mtandao: "Hivi hii simu ni ya nani?"

Nilimjibu haraka haraka, kama vijana tunavyojibu. Leo nataka kumjibu vizuri.

Kwa wasiopajua, Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni, upande wa bara, kinatazamana na kisiwa cha Kiwayu. Kiko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Ukiendelea kaskazini utafika Kiunga, halafu mpaka wa Somalia. Watu wake wanaishi kwa bahari. Kwenda Lamu mjini ni safari ya saa kadhaa kwa mashua, na kaskazi ikivuma vibaya ni safari ya kuombewa dua.

Sasa turudi nyuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya ilirithi kipande chake cha posta na simu, ikaunda shirika la KPTC. Shirika hili lilikuwa kila kitu. Liliuza stempu, lilichimbia nguzo za simu, lilitoa leseni za redio, na lilijipa lenyewe ruhusa ya kufanya lolote lililotaka, kwa sababu msimamizi na msimamiwa alikuwa mmoja. Kwa lugha ya kazi yangu: programu inayojikagua yenyewe na kila mara inasema hakuna kosa.

Uliyetaka simu ulijaza fomu ukasubiri. Watu walisubiri miaka. Mwishoni mwa miaka ya tisini nchi nzima ilikuwa na laini za waya takriban 300,000, na sensa ya 1999 ilihesabu watu milioni 28.7. Ni laini moja kwa watu karibu mia, nyingi zikiwa Nairobi na miji mikubwa. Huku kwetu waya haukufika. Ukitaka kupiga simu unapanda mashua. Jambo la dharura kabisa lilipitia redio ya polisi, yaani kifo chako kilitangazwa na askari.

Lakini habari zilifika, na pesa zilifika. Nataka nikae kidogo hapa, maana wanaoandika historia ya teknolojia Kenya huparuka sehemu hii kana kwamba kabla ya simu kulikuwa na giza tu. Mtu wa Mkokoni aliyefanya kazi Mombasa akitaka kumpelekea mamake pesa, alizifunga katika bahasha, akaandika jina juu, akampa mtu anayesafiri. Basi likapita Garsen, njia iliyokuwa na majambazi miaka ile, likafika Mokowe. Hapo bahasha ikabadilisha mikono, akapewa nahodha. Iliitwa amana, na kila Mwislamu anajua uzito wa neno hilo. Aliyebeba hakutoza ada. Alipofika alikaribishwa, akapewa kahawa, akahojiwa: Huyo uliyemuacha ni mzima? Amekonda? Anaswali? Mbona harudi?

Amana nyingine zilichelewa mwezi mzima. Nyingine zililowa. Nyingine hazikufika, na aibu yake ikabaki kwenye familia kwa miaka. Sisemi mambo yalikuwa mazuri. Nasema ulikuwa mtandao, na ulikuwa na kanuni zake.

Basi, Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada kwa Kenya. Walitaka vyama vingi na walitaka uchumi ufunguliwe. Julai 1992 serikali ikatoa waraka wa sera kuhusu kuyarekebisha na kuyabinafsisha mashirika ya umma. Yalihesabiwa mashirika ya biashara 240. Kati ya hayo 207 yalisemekana si ya lazima kwa taifa, yauzwe au yafungwe. 33 yakaitwa ya kimkakati, yabaki. Simu zilikuwa katika yale 33. Kumbukeni hilo, kwa sababu tunapenda kusema kwamba kila kilichotokea kilipangwa na mabwana wa Washington. Simu hazikuwa hata kwenye orodha ya kuuzwa.

Kwingineko mlango ulifunguka kwa kishindo. Udhibiti wa fedha za kigeni na bei za bidhaa nyingi uliondolewa. Mitumba ikamiminika, viwanda vya nguo vikaanguka. KICOMI ya Kisumu ni mfano unaotajwa sana. Mimi nimekua ndani ya mitumba na nimesoma chuo kikuu ndani ya mitumba, na sijui niwe upande gani wa hadithi hiyo. Tuiache.

Kwenye simu, shirika la umma lilijihami kwa meno yote. Mwaka 1995, wakati intaneti ndiyo kwanza inaingia nchini, KPTC ilitoa tangazo magazetini kwamba kutoa huduma za intaneti ni kutumia laini za simu bila idhini. Yaani kutuma barua pepe ilikuwa karibu na wizi. Baadaye lenyewe likajenga njia ya taifa ya intaneti, Jambonet, na kila kampuni ya intaneti ikalazimika kupita humo kwenda nje.

Wasomaji wangu wa mitandao wataipenda hii inayofuata. Mwaka 2000, ukiwa Nairobi na ukimtumia barua pepe mtu wa jengo la pili aliye na kampuni tofauti ya intaneti, barua yako ilipanda satelaiti, ikaenda Marekani au Ulaya, ikarudi kwa satelaiti. Ilikuwa zaidi ya sekunde nzima kwenda na kurudi, wakati mwingine mbili, na kila hatua imelipiwa kwa dola. Kampuni za intaneti zikakubaliana kuweka kituo kimoja Nairobi cha kubadilishana data za ndani, KIXP. Kilianza Novemba 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba kinavunja haki yake ya kipekee. Ndani ya wiki kadhaa msimamizi wa mawasiliano akaamuru kifungwe. Kilifungwa! Kilifunguliwa tena Februari 2002, na safari ile ya sekunde nzima ikashuka hadi milisekunde kati ya 60 na 80.

Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba shirika la umma lilikuwa mlinzi wa wanyonge dhidi ya mabepari, namwonyesha KIXP. Haki ya kipekee ya Telkom ilidumu hadi 2004, na sijaona mvuvi mmoja aliyefaidika nayo.

Hapo katikati sheria ilikuwa imebadilika. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ndiyo iliyoipasua KPTC, na 1999 ikawa vipande vitatu: Telkom Kenya, Posta, na msimamizi aliyeitwa CCK. Katika mizigo iliyoangukia Telkom kulikuwa na kitoto kimoja, biashara ya simu za mkononi iliyoitwa Safaricom. Hakuna aliyekijali. Simu za mkononi zilikuwepo tangu mwanzo wa miaka ya tisini, lakini kifaa kilifika hata Sh250,000, na kufikia 1999 waliokuwa nazo nchini hawakufika 20,000. Wakubwa na wafanyabiashara, basi.

Mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ilinunua 40% ya Safaricom. Mwaka huohuo ikaja ya pili, Kencell, mali ya Vivendi ya Ufaransa pamoja na Sameer. Safaricom ilitoza kwa sekunde, Kencell kwa dakika. Mnakumbuka ubishi wa wakati ule kuhusu nani anatuibia zaidi? Ushindani huo wa kampuni mbili ulifanya ndani ya miaka michache kile ambacho shirika halikukifanya tangu 1977. Kadi za kukwangua zikaja za bei ndogo. Zikaja simu za jamii. Mwaka 2008 Safaricom peke yake ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 10.

Lugha pia ilibadilika, na ilibadilika kwa sababu ya bei. Kufleshi ni neno lililozaliwa na umaskini: unapiga, unakata kabla hajapokea, naye anajua maana yake. Fleshi moja, nimefika. Mbili, nipigie. Wakubwa hawakumfleshi mdogo, na mvulana hakumfleshi msichana, hiyo ilikuwa aibu. Sambaza lilikuwa neno la kawaida la Kiswahili hadi 2005, likawa jina la huduma ya kugawiana salio, na leo ukimwambia mtoto "sambaza" hafikirii mbegu wala habari. Kampuni imechukua kitenzi chetu na sisi tumefurahi.

Halafu M-Pesa, tarehe 6 Machi 2007. Tunaisimulia kama muujiza wa soko huria, na kwa kiasi ni kweli. Lakini tazameni viungo. Wazo lilipikwa na watu wa Vodafone, wakisaidiwa na fedha za misaada za serikali ya Uingereza, kupitia mfuko uliochangia gharama pamoja na kampuni. Programu yenyewe iliandikwa Cambridge. Benki Kuu ya Kenya iliamua kutoizuia ingawa mabenki yalinung'unika, na mwishoni mwa 2008 Hazina ilipoagiza ikaguliwe, ikapita. Kampuni iliyoiendesha, serikali ilikuwa na 60% yake wakati huduma inaanza. Seva zilikaa Ujerumani hadi 2015. Ndani ya mkono wa mama muuza samaki wa Kenya kuna kodi ya Mwingereza, hisa za Mkenya na umeme wa Mjerumani. Soko huria la wapi hilo?

Nikisema hivyo kazini naitwa mjamaa. Sibishi na faida yake. Nabisha na hadithi kwamba serikali ilikaa pembeni.

Juu ya kilima cha mchanga pesa zikaanza kuingia kwa ujumbe mfupi. Mamangu hataki hata kusikia habari za bahasha, na nani atamlaumu? Lakini yeye ndiye aliyewahi kuniambia, bila kulalamika, kwamba pesa siku hizi zinafika peke yake, hakuna mtu wa kumwuliza kama mwanangu amekonda. Nahodha naye bado yupo, anabeba unga na mafuta, ila sasa analipwa kwa kila mzigo. Amana imekuwa nauli.

Machi na Aprili 2008 serikali iliuza 25% ya Safaricom kwa umma, hisa bilioni 10 kwa Sh5. Nchi ilikuwa haijapoa kutokana na ghasia za baada ya uchaguzi. Mapatano yalitiwa saini Februari 28, na mwezi huo huo wa Machi watu walipanga foleni benki kununua hisa pamoja. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani Sh10,000. Waombaji walizidi laki nane. Wengi walikopa. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, kwa hivyo mtu mdogo alipata sehemu ndogo ya alichoomba, akasubiri kurudishiwa zilizobaki huku riba ya mkopo ikitembea. Hisa zikaingia sokoni Juni 9, zikapanda kidogo, kisha zikashuka chini ya zile Sh5. Aliyevumilia zaidi ya miaka kumi alicheka. Aliyekopa hakuweza kuvumilia.

Na kuna Mobitelea. Kabla ya uuzaji huo kamati ya Bunge ilichunguza na kukuta kwamba ndani ya Vodafone Kenya kulikuwa na kampuni ya Guernsey iitwayo Mobitelea Ventures, iliyomiliki hisa zilizolingana na 5% ya Safaricom. Wenye Mobitelea hawakutajwa hadharani. Nilipokuwa chuo tulifundishwa kwamba soko hufanya kazi watu wanapokuwa na taarifa. Sawa.

Telkom, mama mzaa kitoto, aliuzwa pia. Desemba 2007 France Telecom ilichukua 51% kwa dola milioni 390, baada ya maelfu ya wafanyakazi kupunguzwa. Nyaya za shaba zikaibwa nguzo kwa nguzo. Wafaransa wakaondoka, ukaja mfuko wa uwekezaji wa Helios, na Agosti 2022, siku za uchaguzi, Hazina ikatoa Sh6.09 bilioni kuzinunua tena zile 60% za Helios, jambo lililowafanya wabunge waulize nani aliidhinisha. Tuliuza, tukanunua. Waya bado haukufika Mkokoni.

Sasa naja kwenye aibu yangu mwenyewe. Kuna utafiti maarufu wa Robert Jensen, wa 2007, kuhusu wavuvi wa Kerala, India. Simu zilipoingia pwani ile kati ya 1997 na 2001, wavuvi wakawa wanapiga kutoka baharini kuuliza bei, bei za masoko zikakaribiana, na samaki wakaacha kutupwa. Nilipousoma niliruka juu. Nikaandika programu: mvuvi anaandika alichopata, wanunuzi wa Lamu na Mombasa wanaona, bei inaonekana. Nikaijaribu Mombasa, ikaenda kama maji. Nikaipeleka kwetu.

Ilikufa siku ya kwanza. Nilikuwa nimeipa sekunde 10 za kungoja jibu kutoka kwenye seva. Huko kwetu, sekunde 10 ni salamu tu. Lakini hilo ni kosa la kurekebisha. Kosa kubwa aliniambia ami, akiwa ameshika simu yangu kwa mkono wa mbali, kama anayeshika samaki asiyemjua. Bei ya Mombasa ameijua miaka yote, watu wanamwambia. Tatizo ni barafu. Hakuna barafu, na mafuta ya kwenda Lamu ni ghali, kwa hivyo anamwuzia tajiri aliyemkopesha nyavu, kwa bei ya tajiri. Baada ya watalii kushambuliwa upande wetu mwaka 2011 na vita vya Somalia kuanza, kuvua usiku kulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa. "Simu yako itawaambia wanajeshi waniache nitoke?" akaniuliza.

Kerala ina barabara, ina umeme, masoko ya samaki yamepangana ufuoni. Hivyo vilikuwepo kabla ya simu, na si kampuni ya simu iliyovileta. Jensen hakuhitaji kuviandika kwa herufi kubwa. Mimi ndiye niliyehitaji kuviona.

Na hapa ndipo jibu la ami lilipo. Kampuni haina ubaya na Mkokoni. Mnara una gharama, una dizeli, una walinzi, na kijiji cha nyumba chache hakirudishi hizo gharama. Shirika la umma lilipokuwepo, lilikuwa na wajibu wa kumfikia kila mtu na halikuutimiza. Lilipopasuliwa, laini, masafa, majengo na kitoto vyote vilipata mwenyewe. Wajibu haukupata. Sheria ilikuja kuukumbuka 2009, ikaanzisha Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambapo wenye leseni wanatoa 0.5% ya mapato yao kwa ajili ya maeneo yasiyolipa. Miaka kumi baada ya KPTC kugawanywa! Serikali hiyohiyo ndiyo iliyosukuma kebo ya TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa mwaka 2009, kwa hivyo ikitaka inaweza. Katika mabishano yote ya Sh34 kila hisa, nimesoma kuhusu gawio, deni la taifa na faragha ya data zetu. Nadhani hoja ya data ni nzito, na nitaiandikia siku nyingine. Kuhusu nani anabeba wajibu serikali ikibaki na 20%, sijasoma mstari.

Programu yangu niliiandika upya. Sasa inatumia ujumbe mfupi, inaweka kumbukumbu ndani ya simu, na inangoja mpaka mtandao upatikane, hata ikiwa kesho. Niliondoa bei. Ami ameniomba niweke kitu kimoja tu: deni lake kwa tajiri, limebaki kiasi gani, na kila samaki amepunguza kiasi gani. Tajiri hakufurahi. Jumatano iliyopita saa saba usiku simu yangu ililia, ujumbe sita kwa pamoja, samaki wa siku nne. Nikajua yuko juu ya kilima.